Mzizi wa Saba

Mkono ni wa nani: wa mtu aliyeubeba begani, au wa mtu anayeuamuru? Zamani nilidhani swali hili ni la watu wasio na kazi, wale wanaokaa barazani wakichokonoa meno na chakula chenyewe hawajala. Sasa sina swali jingine. Nalala nalo, naamka nalo, naoga nalo. Na kabla hamjaniambia kwamba jibu liko wazi, kwamba mkono ulioota kwangu ni wangu, kaeni kwanza mnisikilize. Mimi ndiye niliyeutazama mkono wangu ukimfukuza mama yangu nyumbani kwake, nami nimekaa chini yake, napiga kelele.

Naitwa Sefu. Nchi yetu inaitwa Shingoni, na iko kati ya Kichwa na Mkono. Kichwa hakuna aliyewahi kukiona. Kiko juu, nyuma ya mawingu, na tunajua kipo kwa sababu amri zinashuka. Zinashuka kwa barabara tano zinazochomoza katikati ya pingili za mifupa, nasi tunaziita Mizizi: wa tano, wa sita, wa saba, wa nane, na wa mwisho ambao tunaanza kuuhesabu upya kama wa kwanza, kwa kuwa unatokea chini zaidi, kifuani. Ile minne ya juu haituhusu. Wanasema inashughulika na pumzi na mambo ya shingo yenyewe, na watu wake hawatusalimii. Mizizi yetu mitano hupenya kati ya kuta mbili za misuli, kisha huanza vituko. Wa tano na wa sita huungana na kuwa shina moja. Wa nane na yule wa kifuani huungana na kuwa shina jingine. Wa saba hauungani na mtu, unakwenda peke yake katikati, na tangu utotoni niliupenda kwa sababu hiyo. Chini ya mfupa wa mtulinga kila shina hugawanyika mafungu mawili, moja mbele, moja nyuma. Mafungu hayo yakishaachana hutafutana tena, hujisuka kuwa kamba tatu zinazouzunguka mto mkubwa wa damu, na kamba zikifika kwapani huchanika tena kuwa neva tano zinazoingia mkononi.

Mtu akiingia kwa mzizi wa sita akitaka kwenda kwenye kidole gumba, atabadilishwa jina mara nne kabla hajafika. Ataondoka akiitwa Mzizi, ataitwa Shina, ataitwa Fungu, ataitwa Kamba, atafika akiitwa Neva. Mlangoni mwa kidole ataulizwa, wewe ni nani? Naye hatajua. Nimewakuta wengi wa namna hiyo pale kwapani, wamekaa juu ya mizigo yao, wanajaribu kukumbuka walikozaliwa.

Kwa nini mchanganyiko wote huu? Nimelifikiria sana jambo hili. Barabara tano ziondoke, barabara tano zifike, na katikati tuvurugane kiasi hiki! Si ingetosha kila mzizi uende moja kwa moja kwenye kidole chake? Waliosoma wanasema ni hekima, kwamba mmoja akikatika wengine watamsaidia. Huenda. Mimi nadhani palichanganywa ili asijulikane aliyetoa amri. Mkono ukipiga kofi, nenda ukaulize Shingoni nani aliagiza. Shina la juu litakuambia lilipokea hivyo hivyo kutoka juu. Kamba itakuambia yenyewe inapitisha tu. Utazunguka siku nzima, jua litazama na kuchomoza lilikozama, kama linavyofanya mara nyingine huku kwetu, na shavu bado linawaka.

Mkono wangu wa kulia ulikufa siku niliyokuwa napigilia mabati juu ya paa la mama. Ngazi alikuwa ameishika kaka yangu Mbaraka. Aliniambia baadaye kwamba iliteleza. Ngazi huteleza, sikumuuliza zaidi, na nilitaka sana kumwamini. Nilianguka nikatua kwa pembeni, bega likaenda huku, kichwa kikaenda kule, na vilivyokuwa kati yao vikang'oka vyote. Nilivisikia. Havikulia kwa kishindo. Vilitoa sauti ndogo, kama ya mtu anayechuma mchicha bustanini. Nilipojaribu kuinuka nilikuta kuna mkono umelala chini ya ubavu wangu, mzito, wa joto, na nikashangaa ni wa nani.

Walinipeleka kwa Daktari Zawena, mshonaji wa neva, mama wa makamo mwenye miwani mizito, anayezungumza na neva kwa upole na watu kwa ukali. Alinifungua shingo, akachungulia, akaguna.

"Mizizi yote mitano imeng'oka kwenye uti wa mgongo," alisema. "Hapa hakuna cha kushona. Nikishona nitashona na nini? Chini kuna njia, juu hakuna mwenye kuleta habari."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika viatu vyangu. Akaanza kulia. Ndipo Mbaraka alipopiga hatua mbele. Huyu kaka yangu ana kipaji cha kupiga hatua mbele, sijawahi kumwona akipiga hatua nyingine.

"Daktari," alisema, "mimi nina mizizi mitano kulia na mitano kushoto. Mpe mdogo wangu mmoja. Chukua wa saba, huu wa kushoto."

Kwetu kuazimana neva kunaruhusiwa kwa ndugu wa tumbo moja. Daktari alimweleza kwamba hatapoteza kitu, kwa sababu wa saba ukiondoka jirani zake wa sita na wa nane huibeba kazi yake, na yeye atapata ganzi kidogo kwenye kidole cha kati kwa muda, basi. Mbaraka akaitikia kwa kichwa, polepole, ili wote waone. Nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Baada ya kushonwa mama alimbusu shingoni, pale pale penye kovu, na habari ikaenea Shingoni nzima kwamba Mbaraka wa Bi Siwatu amegawana neva na mdogo wake. Watu walimletea asali. Mimi nilipewa pole.

Lakini neva iliyoshonwa haiamki siku hiyo hiyo. Inaota polepole, kama kucha, inatambaa ndani ya njia zilizokufa ikipapasa kuta. Nilikaa nikiisubiri. Nilijua ilipofika kwa mchomo mdogo, leo chini ya mtulinga, mwezi mwingine kwapani, msimu mwingine kwenye kiwiko. Nilikuwa naisemesha. Njoo, dada, njoo, umekaribia. Hata michomo hiyo ikaisha, na nadhani hapo ndipo ilipoacha kuwa mgeni wangu na kuwa mwenye nyumba. Halafu asubuhi moja, wakati mama ananimiminia chai, mkono wangu wa kulia ukajiinua kutoka pajani. Mama akaangusha birika. Tulikumbatiana, tukalia, na hatukuona kwamba mkono ule haukumkumbatia mama. Ulikwenda kwenye bakuli la sukari, ukachota, ukatia ndani ya kikombe changu, ukakoroga.

Mimi sinywi chai ya sukari. Mbaraka ndiye anayekunywa.

Tulicheka! Mungu wangu, tulivyocheka. Tukasema ni mazoea tu, utajifunza. Lakini haukujifunza kitu, au ulijifunza kila kitu isipokuwa mimi. Ulikuna kidevu changu mahali ambapo Mbaraka ana ndevu. Uliwapungia watu nisiowajua, nao wakanijibu kwa furaha, "Habari za tangu juzi!" Mchana ulilala usingizi mzito, saa ambayo kaka yangu hulala baada ya kula, na ningeweza kuupiga teke usiamke. Nilipojaribu kuuambia funga, haukufunga. Nilipojaribu kuuambia fungua, haukufungua. Nilikuwa nimekuwa mlinzi wa jengo ambalo wapangaji wake hawanijui. Kuna asubuhi niliamka nikakaa kitandani nikiutazama, nikajiuliza kama huenda mimi ndiye Mbaraka, na Sefu ni jina la kitu kilichoning'inia begani kwake. Swali hilo lilinichukua mpaka adhuhuri. Niliokolewa na njaa, kwa sababu njaa ilikuwa yangu.

Bado nilimtetea. Nilisema kaka hajui. Nilisema neva inafanya mambo kwa kumbukumbu zake, mwenyewe hana habari. Nilisema hivyo mpaka siku ya mkutano wa ukoo.

Sasa mikutano ya kwetu ina utaratibu wake, na ni lazima niueleze. Shingoni maneno hayahesabiwi. Mtu anaweza kuhutubia mpaka povu limtoke, hakuna anayeliandika neno lake. Kinachohesabiwa ni mkono wa kulia ulioinuliwa. Na ili maneno yasimpotoshe, Mhesabu huziba masikio yake kwa pamba kabla mkutano haujaanza, pamba nyeupe, mbele ya watu wote, na hazitoi mpaka amemaliza kuhesabu. Jambo likipata mikono zaidi ya nusu, linarudiwa tena mwezi unaofuata. Likipata tena, limekuwa sheria. Likikosa, limekufa na hakuna ruhusa ya kulifufua. Asiyehudhuria huhesabiwa kuwa ameinua, kwa kuwa asiyekuja hajakataa. Na hakuna kuingia na mkono uliofungwa wala uliofichwa ndani ya nguo. Wazee wetu waliutunga utaratibu huu kwa sababu mdomo hudanganya. Hawakuwahi kufikiria kwamba na mkono unaweza.

Siku ile Mbaraka alisimama akasema mama amezeeka, nyumba inamwelemea, paa lake limeshatuletea ulemavu katika familia, na hapo akanitazama kwa huruma. Akaomba ukoo ukubali nyumba ibomolewe, mama ahamishiwe chumba cha uani kwa shangazi, na kiwanja apewe yeye ajenge kitu cha maana. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, kwa udongo alioukanyaga kwa miguu yake akiwa na mimba yangu. Alikuwa anatabasamu kidogo. Alijua mwanawe mmoja amepotoka lakini wa pili yupo.

Mhesabu akainua fimbo yake. Mikono ikainuka, na kwa macho nikaona haitoshi. Ilikuwa nusu kwa nusu. Nikashusha pumzi. Na hapo bega langu likapata joto.

Nilijua kabla haujaondoka pajani. Niliudaka kwa mkono wa kushoto nikaukandamiza, ukanishinda nguvu. Ulipanda mbele ya uso wangu, ukanyooka, vidole vikatanuka. "Sikubali!" nilipiga kelele. "Mimi sikubali! Huu si mimi!" Watu walinisikia, lakini watu si Mhesabu. Yeye alipita na pamba zake masikioni, akanionyesha kidole, akasogeza midomo: mmoja zaidi. Nikamtafuta kaka yangu kwa macho. Alikuwa ameinua mkono wake wa kulia kama wengine. Wa kushoto ulikuwa mapajani mwake umetulia, lakini shingo yake upande wa kushoto ilikuwa imekaza, mshipa umesimama, kama ya mtu anayenyanyua gunia. Basi alijua. Alikuwa anajua tangu siku ya sukari. Mtu yule aliyebusiwa shingoni na mama yangu alikuwa amekaa mle ndani ya bega langu muda wote huo akisubiri siku moja tu.

Nilihisi nini? Nilihisi aibu kwanza, kabla ya hasira. Aibu ya mtu aliyekuwa anamsemesha mwizi, njoo, umekaribia.

Jioni nilimfuata mama. Alikuwa anakunja nguo zake na kuziweka ndani ya beseni. Hakugeuka.

"Mama, si mimi."

"Nilikuona, Sefu. Ulikuwa wa mwisho, na mkono wako ulinyooka kuliko ya wote."

"Ni neva ya Mbaraka, mama. Yeye ndiye anayeuinua. Hukunisikia nikikataa?"

"Nilikusikia." Alikunja kanga moja mara mbili, akaikunjua, akaikunja upya. "Mdomo ulikuwa wa kunifurahisha mimi. Mkono ulikuwa wa kumfurahisha yeye. Umetugawia wote wawili, mwanangu, una akili."

"Mama!"

"Mkono uko begani kwako, utauinua nani kama si wewe? Mwenzako amekukatia shingo yake, nawe leo unamsingizia." Ndipo akageuka, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ningependa ungekuwa nayo. "Yeye angalau alisimama akaniambia machoni. Nenda kalale."

Sikulala. Nilikwenda kwa Daktari Zawena, au asubuhi ilikuwa imeshafika, sijui, njia ya kwake huku kwetu mara nyingine inameza masaa. Nilimwambia akate.

"Siwezi," alisema.

"Shingo ni yangu, Daktari. Kata."

"Shingo ni yako. Neva ni ya kuazima. Mwenye neva asiponiambia kata, sikati. Ndiyo sheria, na usinitolee macho, sikuitunga mimi." Kisha akaushika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akachukua pini kwenye sahani yake na kukichoma. Nilitazama tone la damu likitoka. Sikusikia kitu.

"Hujasikia?"

"Tangu michomo ile ya mwanzo iishe, sijasikia kitu humo."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake, na kwa mara ya kwanza akanitazama mimi badala ya shingo yangu.

"Watu hudhani neva ni njia ya amri tu," alisema polepole. "Kutoka juu kwenda chini. Wanasahau kwamba njia ni hiyo hiyo moja, na ndani yake kuna nyuzi zinazoshuka na nyuzi zinazopanda. Zinazoshuka zinaagiza. Zinazopanda zinaleta habari: moto, baridi, mwiba, kitambaa. Nilipoushona mzizi wa saba nilizishona zote. Pini hii imesikika, Sefu. Haijasikika kwako."

Nikaenda kwa Mbaraka. Nilimkuta barazani kwake, mbele ya kikombe cha chai, anajisugua kiganja cha kushoto kwa kidole gumba.

"Karibu, mdogo wangu," alisema. "Kitu kimenichoma hapa asubuhi hii, wala sioni mwiba. Kaa."

Sikukaa. "Mwambie daktari akate."

"Akate nini? Ubaki na nyama inayoning'inia?" Alicheka kwa upole. Upole wake ndio ninaouchukia hadi leo. "Kabla yangu ulikuwa na nini humo? Mimi ndiye niliyekupa mkono."

"Nilikuwa nao kabla yako."

"Ulikuwa umeubeba. Kuubeba na kuwa nao ni mambo mawili." Alikunywa chai. "Mwezi ujao tukimaliza, nitakuachia uutumie. Nitakuwa nauinua asubuhi unawe uso. Nitakuwa nakulisha kwa mkono wako mwenyewe, kwani nini? Wangapi hapa Shingoni wanaoinua mikono yao wenyewe? Unadhani Shangazi aliinua wake? Angalau wewe unamjua anayekuinulia."

"Mama anaamini ni mimi."

"Najua," alisema. Na hapo, kwa muda mfupi sana, uso wake ulifanana na uso wangu kiasi kwamba nilitaka kuupangusa. "Ilikuwa lazima awe na mmoja wa kumchukia. Niliona afadhali uwe wewe, mimi nina mambo mengi."

Nilitoka pale bila kuaga. Mkono wangu ulimuaga kwa niaba yangu, ukapunga.

Mwezi ule nilitembea barabara zote za Shingoni. Nilishuka kwa wa tano nikapanda kwa wa nane. Nilikaa kwapani na wale waliosahau majina. Niliwauliza, hivi ninyi mnaopitisha amri hamjawahi kukataa kupitisha? Wakanitazama kama mtu anayewauliza kama wamewahi kukataa kuwa na kivuli. Mmoja akaniambia, sisi tunasikia ganzi tu, bwana, tukikaliwa. Nikafikiri juu ya mzizi wa saba, niliokuwa nikiupenda kwa kuwa unakwenda peke yake. Kumbe unakwenda peke yake kwa sababu hakuna anayeushuhudia. Nikafikiri juu ya Kichwa. Kinatoa amri, zinashuka, kinalala. Je, habari zinazopanda zinakifikia? Vidonda vyetu vyote, vinapanda mpaka wapi? Au huko juu nako kuna pamba? Nilifikiri mpaka nikachoka kufikiri, na nilipochoka nilikuta nimeshaamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo na mbaya.

Siku ya mkutano wa pili nilifika mapema. Nilikaa pembeni, karibu na muuza kahawa, aliyekuwa ameweka jiko lake la mkaa uwanjani na kulipepea. Mkono wangu ulikuwa umelala pajani. Mwenye nao alikuwa bado anasalimiana na watu. Mama aliingia akakaa mbele, mgongo kwangu. Beseni la nguo alikuwa amekuja nalo, ili likishaamuliwa asirudi kule tena. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, na neno Shingoni halihesabiwi, basi nilitaka alione kwa macho.

Mhesabu akaziba masikio. Mbaraka akasema maneno yake, yale yale. Fimbo ikapanda, mikono ikaanza kupanda, na bega langu likapata joto.

Niliushika mkono wangu kwa mkono wa kushoto kabla haujanyanyuka, nikauzamisha ndani ya jiko, kiganja chini, nikaulalia kwa uzito wangu wote.

Sikusikia kitu. Nataka mjue hivyo. Niliona mkaa ukizama katikati ya vidole, nikaona ngozi ikibadilika rangi, nikasikia muuza kahawa akisema "Bwana! Bwana wee!" na ndani yangu kulikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Yowe lilitoka upande wa pili wa uwanja. Mbaraka alikuwa ameanguka chini, ameukumbatia mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, anajiviringisha vumbini, analia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wadogo. Mikono iliyokuwa juu ikashuka mmoja mmoja, watu wakisimama kutazama. Wote waliona. Mkono wangu motoni, na yeye analia. Hapakuwa na mtu pale aliyehitaji kuelezwa.

Mhesabu hakusikia kitu. Aliitazama mikono michache iliyobaki juu, akaihesabu, akatikisa kichwa, akapiga fimbo chini. Jambo limekufa. Nyumba ni ya mama.

Mama alikuwa ameshainuka. Alikuwa amelitazama jiko, akatazama uso wangu, akamtazama Mbaraka, na nikaona katika macho yake kwamba ameelewa, yote, tangu sukari. Akaja mbio. Kanga ilimteleza begani akaiacha ianguke. Mikono yake ilikuwa mbele, wazi, kama alivyokuwa akinipokea nilipoanza kutembea. Nikamsogezea bega langu.

Alinipita.

Alipiga magoti vumbini penye yule anayelia, akaushika mkono wake wa kushoto, mkono mzima usio na hata alama, akauweka mapajani na kuanza kuupuliza. Aliupuliza kidole kwa kidole. "Pole, baba," alikuwa akisema, "pole, inapoa, inapoa." Kisha akanigeukia, na machozi yalikuwa yamemjaa.

"Sefu," alisema, "umemfanya nini mwenzako?"

Nilitaka kumwambia kwamba nyumba imebaki. Lakini alikuwa ameshainamia tena ule mkono. Basi nikaushika wangu kwa ule wa kushoto, nikautoa motoni mwenyewe.